Mbwa Niliyemnunua Kabla ya Wakati

Mbwa yule alinigharimu shilingi elfu tatu, jogoo mmoja, na mwaka mzima wa jirani yangu kupita mbele ya lango langu bila salamu. Nimepiga hesabu mara mbili na haipungui. Nakumbuka vizuri siku niliyomnunua, kwa sababu nilirudi nyumbani Mbumbuni nikijiona mjanja kuliko watu wote niliopishana nao.

Wakati huo, mwanangu, nilikuwa mama kijana mwenye miguu isiyochoka, nikinunua mbuzi vijijini na kuwauza sokoni. Wezi walikuwa wamezoea zizi langu. Mbwa wetu wa kawaida, wale wembamba wa rangi ya udongo, walibweka vizuri kisha wakaenda kulala. Nikasikia kwamba Salama, kando ya barabara kuu, kuna bwana anayezalisha mbwa chotara. Mama ni shepadi, wale mbwa wa polisi wa asili ya Ujerumani, mwenye manyoya mazito, baba ni mmoja wa wale mbwa wakubwa wa Afrika Kusini wenye kichwa kama sufuria ya harusi. Nikaenda.

Yule bwana alitaka elfu sita, na akasema nirudi baada ya mwezi kwa kuwa watoto walikuwa bado wananyonya. Mimi, nirudi Salama mara mbili kwa kitu kimoja? Nikamwambia hawa na mama yao watakumalizia chakula mwezi mzima, na pesa ninayo leo, ya kesho siijui. Tukavutana mpaka kivuli cha kibanda chake kikahamia upande wa pili. Mwishowe akachoka, akaniachia kwa nusu bei na jogoo niliyekuwa nimembeba. Mtoto mwenyewe alienea ndani ya kikapu cha mayai. Nikamwita Simba, jina linalotolewa na mtu aliyekosa wazo.

Sitakudanganya, mbwa wa aina hiyo ana mazuri yake. Kabla hajafikisha mwaka alikuwa ananifika kiunoni. Akili alichukua ya mama: fungua komeo moja mbele yake, kesho analifungua mwenyewe. Nguvu alichukua za baba. Kwake yeye, kukimbia kulikuwa kama chakula, na siku asipokimbia alichimba mashimo, akatafuna ndoo, viatu na mpini wa jembe. Manyoya yalidondoka mpaka kwenye ugali. Jua letu la Ukambani likikaza, bila kivuli na maji alihema kama mgonjwa. Na kumlisha ni kama kumlisha kijana wa shule ya bweni aliyekuja likizo. Hayo yote nilizoea.

Kilichonishinda ni mdomo. Simba alicheza kwa meno na hakujua meno yanauma. Nikitoka sokoni alinidaka mkono kwa furaha, na mkono ukabaki na alama. Nikacheka, nikasema ni utoto. Wanunuzi wa mbuzi wakiniuliza hizo alama ni za nini, nilijisifu kwamba nina mbwa wa kweli.

Jioni moja Mwende, binti wa jirani yangu, msichana wa miaka saba, alitumwa kwangu kuomba kiberiti. Simba alimkimbilia akitikisa mkia. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, kwamba alikuwa anatikisa mkia. Akamshika mkono. Mtoto akauvuta, kama ambavyo yeyote angeuvuta, naye Simba akadhani ni mchezo, akavuta pia. Nilipofika kuwatenganisha, ngozi ilikuwa imefunguka kutoka kiwiko hadi kiganja. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukakimbia hospitali. Simba alikuwa na chanjo, lakini daktari alisema mtoto adungwe sindano hata hivyo, na kwa wiki kadhaa akawa anarudi kudungwa, akilia tangu nyumbani. Vidole vyake viwili havijikunji vizuri mpaka leo.

Mama Mwende hakupiga kelele. Alisimama langoni na gauni la mtoto mkononi, akasema, "Mama Musyoka, huyo mbwa wako nimemlisha kwa mkono huu. Sijui nikuambie nini." Akaenda.

Wanaume wa kijiji walikuja na marungu kumuua Simba. Walimwacha kwa sababu tu hospitali ilitaka mbwa aangaliwe siku kumi akiwa hai, ijulikane kama ana kichaa cha mbwa au hana. Ndani ya siku hizo akaja mfanyabiashara kutoka Mwingi, mwenye malori. Alikuwa amesikia kuna mbwa anayeng'ata kweli, akataka wa kulinda uwanja wake. Akataja elfu kumi, akasema atarudi siku zikiisha. Unanijua. Nilianza kuzipangia kazi zile pesa kabla vumbi la gari lake halijatulia.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita mwaitu, yaani mama, alikuwa ameketi akipeta ndengu. Aliniuliza kama huyo mtu ana watoto. Nikasema sikumuuliza. Akaweka ungo chini.

"Wewe hununui mbuzi bila kumfungua mdomo," akasema. "Mwanambuzi ambaye hajaanza majani humgusi hata ukipewa bure. Huyu ulimtoaje kwa mama yake akinyonya? Ndugu zake ndio wangemng'ata mpaka alie, na mama yake angemkemea, ajue meno ni kitu gani. Hayo masomo ulikataa kuyalipia, na Mwende ndiye amelipa. Sasa unataka kumpelekea deni mtoto wa Mwingi?"

Nikauokota ule ungo, nikamalizia kupeta ndengu mwenyewe.

Yule bwana aliporudi nilimweleza kila kitu, mkono wa mtoto na yote. Ndiyo mara ya pekee maishani nimeshusha bei ya mali yangu mwenyewe. Akasema watoto wake wanne hucheza katika uwanja huo huo, akashukuru, akaenda. Nami nikaenda kwa Mama Mwende kumwambia uamuzi ni wake. Akasema kumuua mbwa hakutakunja vidole vya mtoto, lakini asimwone tena akiwa huru.

Nikajenga ua mrefu. Kila asubuhi nilimtoa kwa kamba hadi mtoni, nikamkimbiza mchangani mpaka ulimi ukaning'inia. Meno yakigusa ngozi yangu, mchezo umekwisha, namgeuzia mgongo. Kazi ambayo ndugu zake wangeimaliza kwa wiki chache ilinichukua mwaka. Mwishowe akawa anapokea chapati mkononi taratibu, kama mtu anayeokota yai. Mama Mwende akaanza kunisalimia tena. Mwende hakupita kwangu. Alizunguka njia ya juu kwenda shule mpaka alipomaliza masomo, na Simba akafa mzee, nyonga zikiwa zimemwisha, bila Mwende kumkaribia tena.

Sasa wewe, mwanangu, una picha ya mtoto wa mbwa kwenye simu, na muuzaji anakwambia atapunguza ukimchukua wiki hii. Usimchukue. Lipa bei yote, umwache kwa mama yake atimize wiki nane, na uende ukamwone huyo mama kama anakubali kukaribiwa. Mpe chanjo, kivuli na maji. Wageni na watoto wamzoee angali mdogo, ukiwa umesimama hapo hapo. Mnyororo wa kutwa utamharibu. Kama hakuna mtu nyumbani kwako wa kumkimbiza kila asubuhi, hata ile ya mvua, acha mbwa, nunua kufuli. Na siku ukimuuza, sema ukweli wake wote.

Mungu akujalie zizi lililojaa, na lango ambalo watoto wa jirani huliingia bila kuita kwanza.

Nami nisaidie jambo moja. Mwende aliolewa, na Krismasi hii anakuja kwao na mtoto wake wa kwanza. Nina mbwa mwingine wa aina ile ile, niliyemsubiri mpaka wakati wake, na hajawahi kumkwaruza mtu. Nimfunge? Nimpeleke kwa dada yangu mpaka sikukuu zipite? Au niende nikamuulize Mwende mwenyewe, ingawa sijawahi kumwomba msamaha kwa kinywa changu? Nishauri kabla hajafika.