Chungu Kilichosikia Baridi

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani radi ilipopiga nyumba yetu. Najua unachokiwaza. Kila nikisema kwetu ni Sumbawanga, watu hucheka na kuniomba nisiwatumie radi, kana kwamba sote kwetu ni wachawi. Nami hucheka nao, maana nikianza kueleza hatutamaliza. Leo acha nieleze.

Kijiji chetu kiko upande wa Mollo, ambako upepo wa Juni unakuingia mpaka kwenye meno. Siku ile mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Tulikuwa shambani kwenye maharage, tukasikia mlio mmoja tu, kisha tukaona moshi. Tulipofika, paa la nyasi lilikuwa limekwisha kuteketea, pamoja na vitanda, nguo na mablanketi. Zilibaki kuta za tofali, na jiko la nje ambamo tulihamia sote, tukilala kama viazi kwenye gunia.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ungedhani majirani wangekuja kesho yake na nyasi na kamba, kama ilivyo desturi. Hawakuja. Kwetu iliaminika kwamba nyumba iliyopigwa radi haiingiwi, na atakayekuwa wa kwanza kuitengeneza, radi itamfuata kwake. Walituletea unga, walituletea sufuria, pole walizitoa kwa wingi, lakini wote waliishia uani.

Halafu kulikuwa na Mzee Ponsiano. Shamba lake lilipakana na letu, na muda mfupi kabla ya radi ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mahindi yetu. Baba alimfokea mbele za watu, naye akajibu neno moja: "Utaona!" Nani hajawahi kusema utaona? Mama alikuwa akiniambia mimi kila siku. Lakini radi ilipopiga, neno lile lilimganda. Watu wakaacha kununua maziwa yake. Kanisani akabaki peke yake kwenye benchi. Vijana wakaanza kumwita mchawi, na hata mimi mtoto nilijua maneno ya namna hiyo yanaweza kumfikisha mzee wapi.

Baba aliamua tuhamie Muze, kule bondeni, kwa mjomba wake. "Nyumba siwezi kuiezeka peke yangu," alisema, "na yule mtu siwezi kuishi naye."

Mama alilia kimyakimya huku akipepeta mahindi. Aliyekataa ni Bibi, mama yake Baba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkaidi, hakosi misa hata Jumapili moja, na bado akisikia bundi anatema mate chini.

"Nitapika pombe ya ulezi humo humo ndani," alisema. "Ikiumuka, nyumba ni nzima, tunaezeka. Ikigoma, nitakuwa wa kwanza kufunga mzigo."

Hakuna aliyecheka. Wazee wetu walishikilia kwamba pombe haiumuki penye balaa, wala haiumuki ikiguswa na mkono wa mchawi. Baba akakubali. Nadhani alikuwa na hakika itagoma.

Bibi akaingia peke yake katika nyumba isiyo na paa, akafagia majivu, akapanga mafiga, akakoka moto. Ulezi wake ulikuwa umepona kwenye kihenge. Uji ulipopoa akatia kimea, akaumimina kwenye chungu kikubwa, akafunika. Tukangoja. Upepo ukapanda juu ya kuta na kushuka moja kwa moja pale kwenye chungu. Kesho yake, kimya. Kesho kutwa yake, hata povu moja hakuna. Wanawake walichungulia mlangoni, hakuna aliyevuka kizingiti, wakatikisa vichwa. Baba akaanza kufunga majembe kwa kamba.

Bibi akaniita. "Nenda kwa Mzee Ponsiano. Mwambie chungu cha Bibi kinasikia baridi, anaomba blanketi."

Jamani! Nililia mpaka kamasi.

"Bibi, atanila!"

"Ulivyokonda hivyo? Nenda."

Nilikwenda nikisali Salamu Maria, kila nikifika katikati nasahau naanza upya. Nilimkuta amekaa mlangoni anasuka kamba. Nikamwamkia kwa mbali, akaitikia, nami nikautoa ujumbe wote kwa pumzi moja.

Mikono yake ikasimama. "Amesema mimi? Amenitaja jina?"

"Ndiyo, babu."

Akajipangusa uso kwa kiganja. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akitokwa na machozi, na hofu yangu yote ikaniishia pale pale. Aliingia ndani, akatoka na blanketi zito la kijivu, lile la kitandani kwake. Nikanyoosha mikono nilipokee.

"Hapana," alisema. "Nitalipeleka mwenyewe."

Tukapita katikati ya kijiji, yeye mbele na mimi nyuma. Wanawake waliokuwa bombani wakaacha kupampu, wakatufuata. Alifika kwenye kizingiti chetu akavuka bila kusita.

"Karibu," Bibi akamwambia, kana kwamba alikuwa akija kila siku. "Funika vizuri upande huo wa upepo."

Akapiga magoti akakifunika chungu, akachomeka pembe za blanketi pande zote. Baba alisimama na kamba yake mkononi. Kesho yake asubuhi Bibi akamwita tena Mzee, safari hii mbele ya kijiji kizima, akamwambia alifunue yeye mwenyewe. Akalishika lile blanketi kwa pembe. Na mimi nikaanza tena Salamu Maria, maana nilikwisha kumtaka apone.

Povu lilikuwa limefurika mpaka linateremka ubavuni mwa chungu.

Vigelegele! Watu wakaingia wote kutazama, wakasahau kabisa kwamba ile nyumba haiingiwi. Bibi akateka kibuyu, akaonja yeye kwanza, akampa Mzee Ponsiano. Baba akawapita watu, akasimama mbele yake. Tangu wagombane walikuwa hawajasalimiana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu," Mzee alijibu. "Ngazi ninayo. Tuanze lini?"

Tuliezekewa kabla upepo wa Juni haujaisha.

Siku hizi najua chachu inataka joto. Chungu chochote kingeumuka chini ya blanketi lile. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Bibi, "Na kama pombe isingeumuka?"

"Chini ya blanketi la Ponsiano? Zito vile?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono. "Lakini usiku ule sikulala, mjukuu wangu. Nilisali rozari mpaka kumekucha."

Ninamwamini kwa yote mawili.

Bibi ametangulia. Mvua za mwaka huu zimebomoa ukuta wa jiko la Mzee Ponsiano, ambaye sasa ni mkongwe hasa. Nilipofika kijijini, Baba, na mgongo wake mbovu, alikuwa kwa Mzee tayari, juu ya ile ngazi ambayo hatujawahi kuirudisha. Nilimpelekea Mzee blanketi jipya. Alilipapasa, akaniuliza nimetumwa na nani.

"Na Bibi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akajifunika.