Mboga ya Watu Wanne

Wiki ya tatu sasa sijagusa ugali, wali wala chapati. Nakula nyama, mayai, parachichi na siagi. Suruali zinapwaya, ndiyo, lakini tangu hapo mguu wangu unatikisika wenyewe, hautulii popote ninapokaa.

Juzi nilikuwa gereji moja ya Kizota nikisubiri gari. Saa saba mchana mafundi wanne wakazunguka sinia la ugali wa uwele, katikati bakuli la nyama ya mbuzi.

"Karibu tule," akasema mkubwa wao, mzee mwenye mvi.

Huku kwetu ukikaribishwa hukatai. Nikanawa kwenye beseni lao, nikachukua kipande cha nyama. Nikachukua cha pili. Nilipofuata cha tatu, mzee akafunika bakuli kwa kiganja.

"Mwanangu, mbona unakula mboga tupu?"

"Samahani mzee, niko kwenye dayati. Ugali nimeuacha, nakula nyama na mafuta tu."

Akatazama vipande vilivyobaki, kisha akawatazama wenzake.

"Hujauacha," akasema taratibu. "Umetuachia sisi. Sasa tuule na nini?"

Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akaniwekea mkononi. Nikalimeza karibu zima, na mguu ukatulia.

Wanaotufundisha milo hii wanaeleza kila kitu kuhusu sahani. Sahani ninayo, nyumbani Miyuji, ya peke yangu. Hawajasema mtu afanye nini akishanawa kwenye beseni moja na watu wenye njaa.