Wimbo wa Deusi Ulikotoka

Niliondoka Biharamulo kwa hasira. Mwenyekiti wetu wa kwaya, Deusi, alikuwa ametangaza kwamba Yustina, mpiga ngoma wetu, atoke kwenye kwaya. Eti ngoma ni mambo ya vilabuni, nyimbo za kwanza za dini zilitoka Ulaya zikiwa safi! Yustina ni mjane, na ndugu zake ni kwaya. Nikasema nitakwenda kuwauliza waliozipokea.

"Nenda ukaaibike," Deusi akacheka.

Malori yote yalikuwa yamekwenda vitani, basi nikapanda baiskeli. Nilipofika Kibimba, mgambo wakanisimamisha.

"Nchi iko vitani, wewe unatafuta nyimbo? Jasusi wewe!"

"Za kanisani, ndugu yangu."

"Haya, imba tusikie."

Nikaimba ule wimbo ambao Deusi huuimba amefumba macho kama sanamu ya mtakatifu. Mkubwa wao akaanza kukanyagakanyaga chini huku akicheka. Nilishangaa, lakini aliniachia.

Rulenge nililala misheni. Padre akanielekeza kwa katekista mstaafu aliyeishi Murusagamba. Njia ile, jamani! Nilifika kiuno kimekufa.

"Shikamoo, mzee." Nikamwimbia ule wimbo wa Deusi, nikamuuliza nani aliupokea kwanza.

"Marahaba. Umemkuta mwenyewe! Wimbo huo nilishushiwa na malaika."

Mkewe, aliyekuwa akipukuchua maharage, akaguna. "Malaika gani, wewe? Padre mzungu alileta maneno na sauti ya puani, hakuna aliyeishika. Huyu akayatia kwenye wimbo wetu wa kukanyagia ndizi za pombe. Jumapili iliyofuata kanisa likajaa."

Akainuka, akanionyesha jinsi wanavyokanyaga ndizi mbivu na majani ndani ya mtumbwi wa kukamulia pombe, huku akiimba. Ulikuwa ule ule! Nilicheka hadi machozi. Mzee akanuna.

Nyumbani, niliwasimulia wanakwaya wote baada ya misa. Deusi akafura.

"Basi vitoke vyote, wimbo na ngoma!"

Yustina akasimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Sawa, mwenyekiti. Mwanao yuko vitani. Akirudi salama, utamshukuru Mungu kwa wimbo gani?"

Deusi akainamia kitabu chake cha nyimbo. Nilimwonea huruma, kidogo tu.

"Keti, mama," akasema mwishowe, bila kumtazama. "Tuanze mazoezi. Piga."

Nami nilijifunza jambo moja: ukitaka kujua wimbo mtakatifu umetoka wapi, mwache katekista aseme yake, kisha muulize mkewe.