Siku Niliyodai Mashine Yangu Imehamishwa kwa Kompyuta

Jamani, leo naweza kulicheka jambo hili, lakini nakiri mbele yenu kwamba mpaka sasa nikipita karibu na ukumbi wa halmashauri pale Ifakara nashusha kofia mpaka kwenye nyusi, na ninyi mliokuwemo ukumbini siku ile naomba mnyamaze niieleze mwenyewe, maana mkieleza ninyi mnaongeza chumvi na aibu yenyewe tayari ilikuwa inatosha.

Kwanza mnijue. Mimi ni Thadei, darasa la nne (la tano nililionea dirishani), nilianza kwa kuuza mahindi ya kuchoma pale Mkula magari yakisimama, nikaja nikabeba magunia mpaka bega moja likawa chini kuliko lenzake, na leo nina mashine ya kukoboa mpunga ambayo watu wanaifuata kutoka Mngeta kote, wanazipita mashine za wenzangu bila kugeuza shingo, wanakuja kwangu. Hakuna aliyenishika mkono. Na kilichonifikisha hapa ni kimoja tu: siamini mtu. Hata mke wangu akiniwekea maji ya kuoga natia kidole kwanza.

Sasa katika watu wote wa mji huu, niliyemshuku kuliko wote ni Editha, binti wa kompyuta wa halmashauri. Zamani mtu wa kompyuta alikuwa mtu wa kuitwa mashine ya kuchapa ikitafuna karatasi, anaingia, anainama, anaichomoa karatasi, anashukuriwa, anaondoka. Huyu Editha alipokuja mambo yakageuka. Ukienda kikaoni unamkuta amekaa meza ya mbele, tena pembeni kabisa ya mkurugenzi, na mkurugenzi mwenyewe akiulizwa swali anageuza kichwa: "Editha, mfumo unasemaje?" Na Editha anaangalia kioo chake, anasema, na likisemwa limesemwa. Nikawa najiuliza, diwani namjua, nilimpigia kura mwenyewe kwa wino kidoleni, huyu mfumo kapigiwa kura na nani?

Basi tukatangaziwa kwamba wenye mashine wote tutaandikwa upya. Vijana wawili watapita na vishikwambi, wanakuuliza maswali machache, wanakupiga picha umesimama na mashine yako, na kile kishikwambi kinashika mahali ulipo, basi, kwisha. Hakuna kusaini, hakuna muhuri. Nikamwambia mke wangu, hapa kuna kitu. Serikali ikitaka kujua ulipo, inataka kukuondoa. Mke wangu akasema, "Baba Deo, si wakuandike tu kama wenzako?" Nikamwambia wewe hujui, nyamaza. (Alikuwa anajua.)

Nikafanya uamuzi, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kama punje. Kule Lumemo, karibu kabisa na mto, nina banda lenye mashine mbovu niliyoinunua kwa ajili ya vyuma chakavu. Siku vijana walipofika mtaani kwetu nikazima mashine, nikawaambia wateja umeme umekatika, nikafunga milango, nikawapigia simu: "Mimi nakobolea Lumemo, njooni huku." Nikavaa suti yangu ya Pasaka, nikapanda pikipiki, nikawasubiri. Wakaja, shikamoo, marahaba, wakauliza, nikajibu, wakapiga picha, wakaenda. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njia nzima. Nikasema wakija kufukuza, wataifukuza mashine iliyokwisha kufa, na mimi naendelea kukoboa barabarani kwangu. Mnielewe, kwangu mimi serikali ni faili na muhuri. Faili langu lenye muhuri lipo ofisi ya biashara miaka yote, linasema mashine yangu ipo barabara ya sokoni. Picha ni picha, hata kwenye harusi tunapiga.

Mavuno yakakaribia, na tangazo likabandikwa: mashine zote zilizo ukingoni mwa mto hazitapewa leseni msimu huu kwa sababu ya mafuriko. Jina la kwanza juu kabisa: Thadei. Nikakimbilia ofisi ya biashara na faili langu, wakaniambia mzee, leseni siku hizi inatoka kwenye mfumo, na kwenye mfumo barabara ya sokoni huna mashine, una mashine Lumemo tu. Yaani mashine inayolisha nyumba yangu, serikalini haipo! Na mpunga umeanza kuingia mjini.

Mtu mwenye akili hapo angekumbuka suti ya Pasaka. Mimi nilikuwa nimeshasahau nusu, na ile nusu nyingine nimejisamehe. Kichwani mwangu palikuwa na jambo moja tu: faili linasema barabarani, kompyuta ya Editha inasema mtoni, basi nani kaihamisha?

Kikao cha wenye mashine kikaitwa. Ukumbi umejaa, wengine wamekaa madirishani. Editha akaanza kueleza, mimi nikasimama kabla hajamaliza.

"Shikamoo mzee wangu," akasema.

"Marahaba, lakini hiyo marahaba isikupe moyo," nikamjibu, watu wakacheka, na mimi nikisikia watu wanacheka upande wangu huwa sishikiki. Nikageukia ukumbi. "Ndugu zangu, huyu binti kakaa hapo mbele, hatukumchagua, hatumjui anachoandika, na kwa kidole chake kimoja katoa mashine yangu barabarani kaitupa mtoni! Leo mimi, kesho wewe! Huo ni wizi!"

"Sema baba!" akapiga kelele Kalisti, mwenye mashine jirani yangu, mshindani wangu wa miaka yote, na hapo ningetakiwa kushtuka, Kalisti hajawahi kuniunga mkono hata msibani. Mimi nikazidi kupanda. Makofi kila upande. Nikasema mashine yangu inajulikana mpaka Mahenge, nikasema nataka ukweli utoke leo, hapa, mbele ya wote.

Editha akangoja makofi yaishe. Akasema taratibu, "Mzee, kumbukumbu yako ninayo. Ila nakuomba tuione ofisini, mimi na wewe."

"Ahaa! Mmeona? Anataka kunificha chumbani!"

"Mzee wangu, nakuuliza tena. Niifungue hapa?"

"Fungua! Fungua yote, usibakize!"

Akafungua. Ukutani, kwa ukubwa wa mlango wa ghala, nikatokea mimi. Suti ya Pasaka, tai, kifua mbele, mkono mmoja umeegemea mashine yenye kutu, na juu ya mashine, pale panapomiminwa mpunga, kuku amekaa anaatamia, ananitazama. Nyuma yangu mto. Ukumbi mzima ukainua shingo, kama watu wanaosoma. Chini ya picha kulikuwa na majibu yangu, na Editha akayasoma bila kucheka, hilo namshukuru.

"Mahali mashine ilipo: Lumemo. Hali ya mashine: nzima kabisa. Inakoboa kiasi gani kwa siku? Jibu la mwenye mashine: kuliko mashine yoyote Ifakara."

"Inakoboa mayai!" akasema Kalisti.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walilala kwenye viti. Mama mmoja alitoka nje analia kwa kucheka, akarudi, akaitazama tena picha, akatoka tena. Mkurugenzi alikuwa ameinamisha kichwa mezani, mabega yanamtikisika. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena.

Lakini aibu haifungui mashine. Kesho yake asubuhi na mapema nikaenda ofisini kwa Editha, nimebeba kilo chache za mchele mzuri wa nyumbani, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mwanangu," nikasema (jana alikuwa mwizi, leo mwanangu), "lile jambo la jana tuliache. Nisaidie tu. Weka kidole hapo kidogo, irudishe barabarani."

Akautazama ule mchele, akanitazama mimi. "Mzee, jana ulisema nikihamisha mashine ya mtu kwa kidole ni wizi. Leo umekuja niibe?"

Nikausogeza mchele mbele kidogo.

"Siwezi," akasema. "Nikigusa kumbukumbu yako peke yangu, mfumo unaandika jina langu na saa niliyogusa, na mkaguzi ataniuliza. Kazi niliyopewa ni hiyo, kuhakikisha hakuna anayeweza kuhamisha kitu peke yake, kuanzia mimi. Uliyoyasema mbele ya watu yanarekebishwa mbele ya watu. Leta barua, useme ulitoa maelezo yasiyo kweli, na majirani wawili wathibitishe mashine yako ilipo. Na mchele rudi nao, mzee, utaniponza."

Yaani pale ndipo niligundua kwamba mimi niliyemshuku kuwa anaweza kila kitu, nilikuwa namwomba Mungu Editha aweze kweli.

Basi nikasimama ukumbini mara ya pili. Barua nilijiandikia mwenyewe, nikaisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, na nilipofika kwenye "nilidanganya" nilipasoma mara mbili kwa sababu nilipotea mstari. Jirani wa kwanza kunithibitishia alikuwa mwenye duka la mbele yangu. Wa pili, kwa kuwa mashine yake ndiyo iliyopakana na yangu, ilibidi awe Kalisti, na Kalisti alithibitisha polepole sana, kwa maneno mengi sana.

Uhakiki ulichukua wiki tatu, za mavuno. Wiki tatu nimekaa kwenye benchi mbele ya milango iliyofungwa, naona mikokoteni ya wateja wangu inanipita inaingia kwa Kalisti, nao wananisalimia kwa heshima zote. Leseni ilitoka magunia makubwa makubwa yameshakobolewa.

Sijaacha kushuku, msinielewe vibaya, bado nataka kujua mfumo kapigiwa kura na nani, na safari hii nilimuuliza Editha mwenyewe, akaniwekea kiti, akanieleza, nikashuku nusu yake. Lakini nimeapa: nikishuku nauliza kwanza, kwa mdomo, nikiwa nimevaa nguo za kazi. Na mtu yeyote wa serikali akija na kishikwambi chake, saa yoyote, atamkuta Thadei pale pale kwa Thadei, mashine inanguruma, milango wazi, pumba zinamrukia mpaka kwenye nywele.