Mama Masanja Alivyomsifu Mungu Machimboni

Siku yangu ya kwanza ya ukatekista niliripoti kwa paroko, padre msimamizi wa parokia yetu upande wa Masumbwe, nikiwa nimevaa shati la kuazima. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Nilidhani atanipima kwa katekisimu, kile kitabu cha maswali na majibu ya imani, ambacho nilikuwa nimekikariri chote. Badala yake aliniingiza kanisani akasema, "Sali kwa sauti, nikusikie."

Niliomba mvua, afya na hekima ya kazi. Nilipomaliza akaniuliza, "Umemwambia Mungu unachotaka. Mbona hujamwambia kwamba unampenda?"

Akanikabidhi baiskeli na kigango, yaani kanisa dogo la kijijini ambalo padre hulifikia mara chache. Huko katekista ndiye anayeongoza sala, anayefundisha na anayezika.

Wakatekumeni wangu, watu wanaojiandaa kubatizwa, walikuwa wafugaji, na mara nyingi somo liliishia kwa Kisukuma. Kuomba walikuweza. Sala ya sifa ndiyo iliyotusumbua, maana ndani yake mtu huweka haja zake kando akamtazama Mungu mwenyewe. Mzee mmoja aliniuliza, "Ni kama ninavyomwimbia dume langu la ng'ombe nikiwa machungani, wakati sitaki kitu kwake?" Nikamwambia ndiyo, kama hivyo. Tangu hapo alisali vizuri kuliko wengi. Mimi nilibaki nikifundisha jambo nililolitamani mwenyewe bila kulipata.

Baadaye nilihamishiwa machimbo ya dhahabu ya Geita. Paroko wa huko alikuwa mtu wa haraka. "Wape sala fupi," aliniagiza. "Mchimbaji akisikia amina anataka kushuka."

Kanisa letu lilikuwa la nyasi. Aliyeongoza nyimbo ni Masanja, mkatekumeni kijana kutoka Isaka, mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Kila asubuhi kabla ya kushuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, alikuja kusali nami. Masika yalipokolea, matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, yaliachia. Wenzake walitoka. Yeye tulimtoa kesho yake akiwa amekufa.

Mama yake aliletwa na lori la mizigo. Alikuwa mwembamba, na alimsalimu kila mtu kabla ya kukaa. Makaburini nilisoma sala za mazishi, kisha nikamwuliza kama angependa kusema neno. Akasogea ukingoni.

"Baba, wabeja," alianza, akishukuru kwa Kisukuma, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Wewe ndiwe uliyemtengeneza Masanja. Ulimpa ile sauti, nikawa namsikia angali mbali akirudi na ng'ombe. Ulimpa mikono ya kunipaka mafuta miguu ikipasuka. Kama yeye alikuwa mwema hivi, wewe je? Leo naumia sana, sina la kuomba. Nakusifu tu."

Mchimbaji mmoja, ambaye hakuwa mtu wa kanisa lolote, alininong'oneza, "Mwalimu, huyu mama anaongea na nani?"

"Na Mungu."

"Kwani anamjua?"

Nilikuwa nimefundisha miaka mingi jinsi ya kumjua Mungu, na swali hilo lilinichoma. Mpaka matanga yalipoisha, Mama Masanja alikuja kanisani kila asubuhi, nami nilikaa nyuma nimsikilize. Alizungumza na Mungu kama mtu anayezungumza na aliyekula naye na kugombana naye. Kisha akarudi kwao. Nilifundisha katika vigango vingine, nikabatizisha wengi, lakini hamu ya kusali namna ile haikunitoka.

Magoti yaliponikataza baiskeli, nilistaafu. Ninyi makatekista mnaoanza kazi hii mtaulizwa maswali mengi na majibu mtayapata vitabuni. Mimi swali lililonisumbua uzeeni halikuwa la kitabuni, ndiyo maana nilipanda basi kwenda Isaka kumtafuta Mama Masanja.

Nilimkuta uani akikata viazi vya kuanika, vile tunavyoviita michembe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwalimu. Umezeeka."

Nilimweleza kilichonileta. Nikamwuliza alimjuaje Mungu kiasi kile.

"Siku ile nilikuwa nimemkasirikia," alisema. "Lakini nikaona nikimnyamazia, nitabaki na nani? Nikamwambia ukweli. Mwanangu alikuwa mzuri, na aliyemfanya mzuri ni yeye."

"Mimi hadi leo namtamani tu, Mama. Nasali, lakini ni kama namwita mtu aliye safarini."

"Hata mimi namtamani." Aliweka kisu chini. "Mwanangu nikimkumbuka, moyo unamtaka kwa sababu namjua. Asiyemjua angemtamani vipi? Wewe unafikiri hamu hiyo umeitoa wapi?"

Akanisogezea kigoda, akafuta mikono kwa khanga.

"Tusali. Leo anza wewe."

Nilikaa kwenye kigoda, naye hakunihimiza. Maneno yalipokuja yalikuwa machache na ya Kisukuma cha mama yangu, na ndani yake hamkuwa na ombi hata moja. Mama Masanja alingoja. Alipoona siongezi, akasema amina kwa ajili yetu wote wawili.