Kila Anayepandishwa Cheo, Mimi Ndiye Huitwa Kumwombea

Admin, ficha jina langu kabisa, maana hata bosi wangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 38, nafanya kazi katika ofisi moja ya umma hapa Makueni. Nahudumia wakulima wenye shida za mashamba, na kazi hii niliipenda mno. Wazee wa Mbooni wakishuka mjini walikuwa wanauliza, "Yule mama wetu yuko?" Jumapili jioni nilikuwa natamani kuche niende kazini.

Ofisini kwetu mtu akipandishwa cheo, chai hainywewi kabla ya maombi. Kwa sababu mimi ni mwimbaji kanisani, nikageuzwa mchungaji wa ofisi. Nimewaombea wengi, wengine niliwafundisha kazi mwenyewe. Nikimuuliza bosi zamu yangu ni lini, ananiambia, "Mwaitu (yaani mama), wewe ngoja tu, wakati wa Mungu ukifika utaona." Kumbe huo wakati unawafikia wenzangu tu.

Wiki iliyopita akapanda Mutuku (si jina lake), kijana niliyemwonyesha hata pa kuketi. Sasa ndiye mkubwa wangu. Sina ubaya naye, ni mtoto mwenye adabu. Chai na chapati zikaandaliwa, bosi akasema, "Mama, tuombee basi." Nikamwekea Mutuku mkono begani, nikaanza, "Baba, asante kwa..." Sauti ikakatika. Nikalia, admin, nikalia uchungu wa miaka yote hiyo mbele ya watu.

Wenzangu wakadhani nimeshukiwa na Roho! Mmoja akapaza sauti, "Asante Yesu!" wengine wakaanza wimbo. Bosi akanishika mkono, naye macho yamelowa. "Hii ofisi bila wewe ingekuwa wapi? Kuanzia Jumatatu utatuongoza kwa maombi kila asubuhi." Wakapiga makofi. Hicho ndicho cheo nilichopewa.

Moyo wangu umetoka kazini. Sasa mzee akiniulizia, natamani kujificha chooni. Bwanangu anasema nivumilie, kazi siku hizi hazipatikani, na kweli watoto wanasoma. Nikisema ukweli, nitaambiwa nina wivu na wokovu wangu ni wa mdomo. Nikinyamaza, nitakuwa nikimshukuru Mungu kila asubuhi kwa kazi ambayo siitaki tena.

Kesho ndiyo Jumatatu. Ndugu zangu, wakishafunga macho, mimi nitasema nini?