Taipureta Iliyoandika Kama Watu wa Sirisia

Mzee nisiyemjua alisimamisha mkokoteni mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio na simu hapa Kitale, akaniambia, "Binti, nimekuretea mdomo wa bibi yangu."

Nilirudi nyuma kwanza.

Kumbe ni taipureta ya umeme, nzito kama jiwe la kusagia.

Aliitwa Wakoli, wa Sirisia. Mkewe Edinah alipiga taipu ofisini Webuye hadi ofisi ikafungwa, wakamwachia mashine. Sasa kiharusi kimemnyamazisha. Simu ameikataa, ati anataka maneno yake kwenye karatasi. Lakini vibonyezo vya taipureta vimekufa.

Nikaichungulia nyuma. Kulikuwa na soketi pana. Zamani hii ilikuwa ikiandika kwa amri ya kompyuta!

Na mimi nina kompyuta ya kizamani, zile watu walikuwa wanajiundia sebuleni. Jumatatu ningeipeleka kwenye maonyesho ya teknolojia Nairobi, nikitumaini kupata kazi.

Nikajiona mwokozi. "Mzee, nitaiacha ikiongea."

Kuzioanisha ilikuwa hivi: kompyuta inatuma namba, taipureta inagonga herufi, mzee ananisomea herufi hiyo, mimi naandika kwenye kompyuta kwamba namba ile ni herufi aliyoitaja.

Jumamosi tukafika Sirisia. Mama Edinah akabonyeza kwenye kompyuta kwa kidole kimoja: WAKOLI.

Karatasi ikasema: WAKORI.

Kumbe wakati wa kunisomea, mzee akiona L alikuwa anasema "era", nami naandika R. Akiona R, "ala", naandika L. Nami Mkikuyu, ambaye kwetu herufi hizo ni mapacha, ningemsahihisha na nini?

Mama akacheka. Mzee akajipangusa macho, akaninong'oneza kwamba hajasikia sauti ya mkewe tangu augue.

Nikavuta kiti nirekebishe. Mama akanichapa mkono, akaandika polepole. Karatasi ikatoa:

USILEKEBISHE. NDIVYO ARIVYONITONGOZA.

Mzee Wakoli akatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa ameita.

Ndipo nikakumbuka Jumatatu. Nikiichomoa kompyuta yangu, taipureta inarudi kuwa jiwe. Mzee alikuwa amerudi mlangoni, ameshaelewa.

"Utaenda nayo?"

Mama akaacha kubonyeza.

"Si nilisema nitaiacha ikiongea," nikamjibu, nikakunja nyaya za ziada nikazisukuma chini ya meza.

Nairobi nilienda na picha tu ya kompyuta yangu kwenye simu. Kazi ikapewa jamaa mwenye roboti ya kumimina chai, na nusu ya chai ilimwagika.

Basi chukueni hili kwangu: kabla hujaahidi, jiulize ni kitu chako gani kitabaki huko.

Halafu ahidi tu.